Begi Mgongoni, Barua ya Mwajiri Mkononi: Kupanga Safari ya Dar es Salaam hadi Cape Town

Mtanzania anayetangaza kwamba atakwenda Afrika Kusini kwa nchi kavu, peke yake, kwa muda wa miezi miwili, bila biashara ya kufuata wala ndugu wa kumpokea, hujikuta akijieleza kuliko mtu anayekwenda kuoa mke wa pili. Kwa watu wa rika la wajomba zangu, njia ya kwenda Sauzi ina maana moja tu: ni njia waliyoishika vijana waliokwenda kutafuta maisha, wengine kwa kuzamia, na baadhi yao hawakurudi wala kuandika. Mwanamke mwenye ajira ya kudumu anaposema kwamba njia hiyohiyo ataipita kwa mapumziko, akiwa na begi la mgongoni na hema, wasikilizaji huona kwamba ama anaficha jambo au kazi imemchosha akili.

Nimekuwa nikiipanga safari hii kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuona kwamba maandalizi makubwa si ya njia wala ya begi. Ni ya ushahidi: kwamba mimi ni mtalii, kwamba nina fedha za kujilisha, na kwamba nitarudi nyumbani. Miongozo mingi ya safari za namna hii imeandikwa na watu ambao hakuna ofisa wa mpakani aliyewahi kuwadhania kuwa wamekuja kuhamia. Ndiyo maana inaeleza kwa kirefu aina za viatu na kulipitia kwa sentensi moja lile dirisha la uhamiaji ambalo kwetu ndilo safari yenyewe.

Kwa nini kusini? Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Anayetaka kuzunguka Ulaya lazima aombe viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na fedha hiyo hairudi hata ombi likikataliwa. Pasipoti ya Tanzania, kwa upande wake, humwingiza mwenyewe bila viza ya utalii katika Zambia, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho humruhusu kukaa hadi siku 90. Ujirani huu wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, tumezoea kuutumia kwa mizigo na misiba. Kwa matembezi tunautumia mara chache mno. Sababu ya pili ni kwamba njia yote inapitika ardhini, tangu kituo cha treni cha Tazara, Dar es Salaam, hadi Bahari ya Atlantiki. Anayepanda ndege Dar es Salaam na kushuka Cape Town hukiruka kila kilicho katikati, nami hicho cha katikati ndicho ninachokitaka.

Kutodaiwa viza, hata hivyo, si sawa na kukubaliwa kuingia. Anayegonga mhuri ni ofisa aliye dirishani, naye ana haki ya kuuliza unakwenda wapi, utalala wapi, una kiasi gani na utatoka lini. Afrika Kusini huweka wazi kwamba mgeni anaweza kutakiwa kuonyesha fedha za kutosha na tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele, pamoja na pasipoti yenye ukurasa mtupu. Kwa hiyo nimeandaa jalada la plastiki ambalo ndani yake mna nakala za pasipoti, barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kurudi kazini, taarifa ya benki yenye mhuri, uthibitisho wa malazi ya usiku wa kwanza kwa kila nchi, na tiketi ya ndege ya kurudi. Vyote vimechapishwa. Simu huishiwa chaji mahali ambapo hupaswi kuishiwa, na ofisa mwenye foleni ya basi zima hana subira ya kungoja mtandao ufungue picha.

Jibu nalo nimelifanyia mazoezi, na nimeona lililo fupi ndilo bora: niko likizo, ninakwenda hadi Cape Town, tiketi yangu ya kurudi hii hapa. Maelezo marefu kuhusu ndoto ya kuiona Afrika huamsha mashaka badala ya kuyatuliza.

Jambo jingine ambalo watu hulichukulia kwa wepesi ni tarehe. Siku 90 ni kikomo, si haki ya kila anayeingia. Ofisa anaweza kuandika chache zaidi, na aliyeandikiwa siku kumi na nne akakaa ishirini amevunja sheria hata kama hakusoma mhuri wake. Kwa kanuni za Afrika Kusini za mwaka 2014, anayezidisha kwa chini ya siku 30 anaweza kuzuiwa kurudi kwa miezi 12, na anayezidisha zaidi ya hapo kwa miaka 5. Mhuri usomwe papo hapo dirishani kabla ya kusogea, kwa kuwa kosa la kalamu hurekebishika pale tu.

Muda wenyewe nimeupata kwa kubembeleza. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, na humo huhesabiwa hata sikukuu zitakazoangukia ndani yake. Kwa mwendo wa mabasi na treni, siku 28 zinatosha kufika Cape Town ukiwa hoi, bila kukaa popote. Nilichokubaliana na mwajiri ni kuunganisha likizo ya mzunguko unaokwisha na ya unaoanza, pamoja na siku chache zisizo na malipo, na makubaliano hayo yamewekwa kwenye maandishi. Barua hiyohiyo ndiyo itakayofanya kazi mpakani, kwa hiyo niliomba iandikwe kwa Kiingereza na kwa karatasi yenye nembo.

Kalenda ndiyo iliyonichukulia muda kuliko mambo yote, na ninakiri kwamba niliifurahia. Nilianzia kwenye maporomoko ya Victoria, kwa sababu hayo ndiyo yasiyomsubiri mtu. Mosi-oa-Tunya, kama wenyeji wanavyoyaita, ina upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, lakini kinachoonekana hutegemea kabisa mwezi uliokwenda. Mvua za sehemu za juu za Zambezi, kaskazini magharibi mwa Zambia na mashariki mwa Angola, huchukua muda kufika, hivyo maji hujaa kwenye Aprili wakati mvua zenyewe zinaelekea kwisha. Katika kipindi hicho mvuke huwa mzito kiasi kwamba mtu hurudi ameloa hadi ndani na hakuona kitu. Kwenye Oktoba na Novemba, upande wa Zambia unaweza kubaki jiwe tupu lenye michirizi. Juni na Julai ziko katikati: maji bado ni mengi, na ukungu umepungua kiasi cha kuliona genge.

Baada ya hapo nikatazama nyumbani. Masika ya Machi hadi Mei huisumbua reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, hasa kati ya bonde la Kilombero na Makambako, ambako njia hupanda milimani kwa madaraja na mahandaki. Juni imekwisha kuyapita hayo. Tatizo likahamia mbele: Cape Town hupata mvua zake wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, tofauti na sehemu kubwa ya Afrika Kusini inayonyeshewa kiangazi chake. Ukiondoka Dar es Salaam mapema Juni utafika mji ule Julai, mlima umefunikwa na upepo unavuma kutoka baharini. Ukisubiri Septemba ili uukute umechangamka, maporomoko yamekonda na joto la Oktoba linakusubiri Namibia.

Hakuna mwezi unaofaa kila mahali, na niliyewaza kuupata nilikuwa ninajisumbua, hadi nilipoyakumbuka maua ya Namaqualand. Eneo hilo liko kaskazini magharibi mwa Afrika Kusini, nalo hupitiwa na barabara ya N7, ileile wanayoishika wanaotoka Windhoek kwenda Cape Town. Kati ya Agosti na Septemba, baada ya mvua za kipupwe, ardhi ile kavu hufunikwa na maua ya rangi ya machungwa, njano na nyeupe, ambayo hufunguka palipo na jua tu na hugeuka kulifuata. Basi hesabu ikajipanga yenyewe: kuondoka mwanzoni mwa Julai, kufika Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na maporomoko, katikati ya mwezi, kuimaliza Julai Namibia, kupita Springbok, mji wa Namaqualand, baada ya katikati ya Agosti, kisha Cape Town mwishoni, wakati mvua inaanza kupungua na nyangumi wanaonekana kutoka ufukweni Hermanus. Gharama yake ni baridi ya usiku jangwani, na hiyo hutibika kwa sweta.

Hatua ya kwanza ni treni. TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976, na ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kwa anayesafiri peke yake, hasa mwanamke, daraja la pili lenye vitanda sita na la kwanza lenye vinne yana faida ambayo basi halina: vyumba hutenganishwa wanawake kwa wanaume, isipokuwa kundi likinunua chumba kizima. Reli hukata ndani ya hifadhi, huko ambako zamani tulikuita Selous na sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na asiye na haraka anaweza kuona twiga akiwa kitandani.

Neno haraka hapo lina uzito. Huduma ya abiria imekuwa ikisimama na kurejea, na Septemba 2024 jijini Beijing viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Reli inayofufuliwa huwa na wiki za kufungwa. Nitauliza kituoni mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya kuweka tarehe, na nimekwisha kuiandaa njia ya pili: basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, hadi Tunduma, kisha kuvuka kwa miguu kwenda Nakonde katika kituo cha pamoja cha mpakani, na kupanda basi la Zambia upande wa pili. Vyovyote iwavyo, baada ya treni ya kimataifa au basi la kimataifa siweki miadi yoyote kwa siku mbili za mbele. Saa nayo hurudi nyuma kwa moja ukivuka, jambo dogo ambalo limewaacha wengi wakikaa stendi gizani.

Kutoka Kapiri Mposhi hadi Lusaka na kutoka Lusaka hadi Livingstone ni mabasi ya kawaida, sina la kusema zaidi. Penye uamuzi ni baada ya Livingstone. Ipo njia ya Botswana, kwa daraja la Kazungula lililofunguliwa Mei 2021, lenye urefu wa mita 923 na lililopindwa makusudi lisiiguse ardhi ya Zimbabwe. Kutoka hapo mtu hufika Kasane, kisha Maun kwenye delta ya Okavango. Ni njia nzuri mno kwa mwenye gari. Kwa mwenye begi, usafiri wa umma kutoka Maun kuelekea Namibia ni wa kubahatisha, na kusimama peke yangu kando ya barabara ya Kalahari nikiomba lifti ni jambo nililoliondoa mapema kwenye mpango.

Nimechagua kuingia Namibia kwa Katima Mulilo, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ukanda ule una uhusiano na sisi ambao sikuufundishwa shuleni. Tazama ramani ya Namibia: kona ya kaskazini mashariki imechomoza kama mpini wa sufuria, ukanda mwembamba wa kilomita takriban 450 unaonyooka kuelekea Zambezi. Ukanda huo ni zao la mkataba uliotiwa saini Julai 1, 1890, kati ya Uingereza na Ujerumani. Wajerumani waliachana na madai yao kuhusu Zanzibar na kuutambua ulinzi wa Waingereza juu yake. Wakapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini pamoja na ukanda huu, uliobatizwa jina la kansela wao, Leo von Caprivi. Walitaka mlango wa kufika Zambezi na kwa mto huo kulifikia koloni lao la Afrika Mashariki. Mto wenyewe una maporomoko ya mita 108 yaliyowakatalia. Sultani wa Unguja hakuwamo katika meza hiyo, wala wakazi wa Katima Mulilo. Mkoa huo tangu 2013 unaitwa Zambezi, na basi la Windhoek huupita kwa barabara ya B8 katikati ya Hifadhi ya Bwabwata, ambako tembo huvuka barabara bila kushauriana na dereva.

Namibia ina deni jingine kwetu, au sisi kwake, sijaamua. Wapigania uhuru wa SWAPO walikuwa na kambi Kongwa, Dodoma, na Dar es Salaam ndiko kulikokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1963. Chama cha ANC cha Afrika Kusini nacho kilikuwa Morogoro, kikajenga shule Mazimbu. Wazee wa pande zote mbili walipita njia hii wakiwa na hati za kubuni au bila hati yoyote. Nimekusudia kukaa Windhoek siku za kutosha kutembelea makumbusho ya uhuru. Sossusvlei, katika Jangwa la Namib, hakufikiki kwa usafiri wa umma, kwa hiyo hapo nimetenga fedha za kujiunga na msafara wa kampuni, hata kama moyo wa mpweke hauupendi msafara.

Begi limepata umbo kutokana na ile baridi ya usiku jangwani. Halizidi lita 45, kwa sababu kubwa zaidi ya hapo huishia kwenye buti la basi mbali na macho yangu. Vitu vya bei kubwa nimevipata mitumbani: makoti ya mvua na mifuko ya kulalia ya wapanda mlima huuzwa soko la Memorial, Moshi, kwa bei ambayo dukani ungepewa soksi. Zaidi ya hapo ni kanga mbili, ambazo zitakuwa taulo, shuka, pazia la kitanda cha hosteli na stara ya kubadilishia nguo, na ninashangaa wazungu wanavyolipia taulo maalumu za safari. Umeme nao una mtego: plagi zetu za meno matatu bapa huingia Zambia, lakini Namibia na Afrika Kusini hutumia tundu kubwa la meno matatu ya duara.

Fedha nimezigawa. Dola za kimarekani za dharura ziwe noti mpya na safi, kwa kuwa noti za kabla ya 2009 hukataliwa mahali pengi na zilizochakaa hukatwa thamani. Kadi mbili za benki tofauti zikae mahali tofauti. Randi hupokewa Namibia sawa kwa sawa na dola ya Namibia, lakini dola ya Namibia haina mpokeaji Afrika Kusini. Zimalizwe kabla ya kuvuka Mto Orange.

Kuhusu afya nitasema machache. Chanjo ya homa ya manjano hutosha maisha kwa dozi moja tangu kanuni ya WHO ya Julai 2016, na cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo kisiachwe hadi wiki ya mwisho, na kadi ikae ndani ya pasipoti. Malaria iko Zambia na ukanda wa Zambezi, na haiko Cape Town. Mwenye homa akiwa Cape Town lazima amwambie daktari ametoka wapi, maana huko si ugonjwa wanaoufikiria kwanza. Bima ya safari inayogharimia kusafirishwa mgonjwa nimeinunua bila kubishana na bei.

Usalama ndio mazungumzo yanayotawala nyumbani, na sitayapuuza. Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa Afrika Kusini katika mashambulizi dhidi ya wageni, na vurugu za namna hiyo zilirudi 2015 na 2019. Ngozi yangu haitanitenga na walengwa. Mtalii mweupe hakabiliwi na hatari hiyo. Kwa hiyo nimepanga kuingia miji mikubwa mchana tu, kulala karibu na vituo vikuu vya usafiri kwa usiku wa kwanza, kuepuka kuzungumza kwa simu barabarani katika maeneo nisiyoyajua, na kufuatilia habari za huko kabla ya kuvuka Vioolsdrif, mpaka wa Namibia na Afrika Kusini. Hali ikiwa mbaya, safari itaishia Windhoek, na tiketi ya basi la kwenda Cape Town nitainunua nikiwa hapo hapo, si kabla. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019, lakini sipangi safari kwa kutegemea azimio la mkutano. Baada ya Nakonde nitasalimia kwa lugha za wenyeji kadiri nitakavyojifunza.

Mama yangu hakuomba niache. Aliomba ratiba. Tumekubaliana kwamba nitamtumia ujumbe kila ninapofika kituo cha usiku na kila ninapovuka mpaka, nikitaja namba ya basi, na kwamba asiwe na wasiwasi hadi saa 24 zipite bila neno, kwa sababu ndani ya Bwabwata na kati ya Keetmanshoop na mpaka mtandao unaweza kukosekana kwa muda mrefu. Nakala ya kila kilichomo katika lile jalada la plastiki iko kabatini mwake. Ndugu yangu mmoja ana namba za balozi zetu za Lusaka na Pretoria. Tiketi ya ndege kutoka Johannesburg, ya mwanzoni mwa Septemba, ndiyo ya kwanza niliyoilipia, kabla ya nauli ya treni ya kuondokea. Kilichobaki ni kwenda kituo cha Tazara kuuliza siku ya treni ya Julai.